Kuondoa Walioacha Kazi Kwenye Orodha ya Barua Pepe ya Kampuni: Mwongozo Kamili kwa Hoteli na Ofisi za Malindi na Lamu

Masika yanapoingia, kati ya Aprili na Juni, hoteli nyingi za Malindi, Watamu na Shela hupunguza watu, na baadhi hufunga kabisa mpaka Julai. Wanaoondoka hurudisha funguo, sare na redio za mawasiliano, lakini majina yao hubaki kwenye orodha ya anwani za barua pepe. Mgeni wa Milano anajibu barua ya mwaka jana akiulizia chumba cha Desemba, ombi lake linaangukia sanduku lisilosomwa na mtu. Mhasibu anaandika herufi mbili za mwanzo, mfumo unamalizia jina lenyewe, na karatasi ya mishahara inamfikia mtu aliyeondoka tangu Machi.

Kuwaondoa si kazi ngumu, ila ina mpangilio wake, na ofisi nyingi huanzia mwisho: zinafuta akaunti siku ile ile. Ukifuta kwanza, barua za wateja zinapotea, mashine zilizokuwa zikituma kupitia akaunti hiyo zinanyamaza, na jina lenyewe bado linaendelea kujitokeza kwenye kompyuta za wenzake. Funga akaunti kwanza. Kisha rithisha barua, ficha jina, safisha nakala zilizotapakaa. Kufuta kuwe mwisho kabisa, kama kutahitajika.

Menyu za mifumo hii ziko kwa Kiingereza, kwa hiyo majina ya vitufe yameachwa kama yanavyosomeka kwenye skrini.

Kabla ya kugusa kitufe chochote

Pakua orodha ya watumiaji wote kutoka kwenye mfumo wa barua pepe. Google Workspace na Microsoft 365 zote zinakupa faili ya CSV, inayofunguka kama jedwali kwenye Excel, kutoka ukurasa wa watumiaji. Iweke kando ya orodha ya mishahara ya mwezi huo. Wakati mzuri ni pale mhasibu anapoandaa PAYE, ambayo lazima ilipwe kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata, kwa sababu wakati huo orodha ya watu wanaolipwa imekwisha hakikiwa. Aliye kwenye barua pepe na hayuko kwenye mishahara anahitaji maelezo: ameondoka, yuko likizo bila malipo, ni mkandarasi, au ni anwani ya idara kama booking@ na akaunti@.

Linganisha kwa namba ya kazi au ya kitambulisho, kamwe usitegemee jina. Kwenye orodha ya hoteli moja ya Malindi unaweza kukuta akina Karisa wawili na Fatma Mohamed watatu, tofauti yao ikiwa tarakimu moja mwishoni mwa anwani. Kumfungia Fatma asiye husika asubuhi ya Jumamosi, wageni wengine wakiondoka na wengine wakiingia, ni hasara ya siku nzima. Kama mfumo wako hauna namba za kazi, ziongeze leo kwenye taarifa za kila mtumiaji. Nusu saa hiyo itakulipa kila msimu.

Halafu uliza swali ambalo karibu kila ofisi hulisahau: akaunti hii inatumika wapi pengine? Mashine ya fotokopi inayotuma skani kwa barua pepe mara nyingi imewekewa paswadi ya mfanyakazi fulani, kwa sababu ndiye aliyekuwepo fundi alipokuja kuifunga. Kinasa cha kamera za ulinzi, fomu ya mawasiliano ya tovuti na programu ya kutolea ankara huwa hivyo hivyo. Siku unapobadilisha paswadi, vyote vinaacha kutuma, na hakuna anayejua sababu. Viorodheshe, uvihamishie kwenye anwani ya kazi isiyo ya mtu, ndipo uendelee.

Angalia pia ni wapi anwani hiyo ndiyo ya usajili. Tano za kukagua bila kukosa: PIN ya kampuni kwenye iTax, akaunti ya eCitizen ya biashara, benki, mitandao ya kuuzia vyumba, na msajili wa domeni yako, yaani jina linalofuata alama ya @ kwenye anwani zenu. Ya mwisho ndiyo hatari kuliko zote. Kumbusho la kulipia domeni ya .co.ke likiendelea kwenda kwa mtu aliyeondoka, domeni inaisha muda, na barua pepe ya kampuni nzima inazimika kwa wakati mmoja. Badilisha anwani hizi mwenye akaunti akiwa bado ofisini, kwa kuwa nyingi hutuma namba ya uthibitisho kwenye sanduku lake au kwenye laini yake ya simu.

Saa ya kufunga

Ifanye saa yake ya mwisho kazini, akiwepo, baada ya kukabidhi. Mpe nafasi ya kuchukua vilivyo vyake, kama vile cheti alichotumiwa au picha za familia, na umwone akifanya hivyo. Hiyo ni heshima kwa mtu aliyekufanyia kazi, na inapunguza simu za baadaye za kuomba "nifungulie kidogo tu".

Kwenye simu yake binafsi ondoa akaunti ya kazi peke yake. Mifumo ya usimamizi wa simu ina amri mbili zinazofanana kwa jina, moja inafuta akaunti na nyingine inafuta simu nzima. Soma mara mbili kabla ya kubonyeza. Simu ni mali yake, na picha za arusi ya dadake hazikuhusu.

Kwenye Google Workspace

Ingia admin.google.com, fungua "Directory", kisha "Users", ubonyeze jina. Anza na sehemu ya "Security": badilisha paswadi, futa vidakuzi vya kuingilia ili atoke kwenye vifaa vyote, na ubatilishe paswadi za programu kama zipo. Paswadi mpya pekee haitoshi ikiwa kuna programu iliyopewa ruhusa yake ya kudumu.

Kitufe cha "Suspend user" ndicho ambacho wengi hukimbilia. Kinafunga kweli na data inabaki, lakini fahamu mambo mawili. Barua mpya zinazotumwa kwa akaunti iliyosimamishwa zinakataliwa na kumrudia aliyetuma, hivyo wateja wako wanagonga ukuta. Na leseni unaendelea kuilipia.

Njia bora kwa mtu aliyekuwa anaandikiana na wateja ni kubadilisha jina la akaunti kwanza. Kama alikuwa fmohamed@, igeuze iwe zamani.fmohamed@. Google huiacha anwani ya zamani kama anwani ya ziada ya akaunti ile ile, kwa hiyo nenda kwenye taarifa za mtumiaji uiondoe. Sasa fmohamed@ ni huru. Mpe mrithi wake kama anwani ya ziada (mtumiaji mmoja anaruhusiwa hadi 30), au iundie kundi. Mfumo ukikataa kwamba anwani bado inatumika, subiri hadi siku nzima ujaribu tena. Kisha simamisha ile akaunti ya zamani.

Ukichagua kundi, kuna mtego mmoja unaowakamata wengi. Kundi jipya kwa kawaida hupokea barua za watu wa ndani ya kampuni pekee. Wewe utajaribu kutoka anwani yako na itafika vizuri, huku za wageni zikikataliwa. Fungua mipangilio ya nani anaweza kutuma, uruhusu watu wa nje, kisha jaribu kwa anwani yako binafsi ambayo si ya kampuni.

Kuficha jina: kwenye taarifa za mtumiaji zima "Directory sharing". Mabadiliko huweza kuchukua hadi saa 24 kuonekana kwa wote, kwa hiyo usirudie kubofya ukidhani imeshindikana.

Ukifika wakati wa kufuta, Google itakuuliza nani arithi mafaili ya Drive na kalenda. Jaza jina hapo, usipite haraka. Nyaraka alizoziunda yeye, hata zile ambazo idara nzima inazitumia kila siku, huondoka na akaunti yake zisiporithishwa. Baada ya kufuta una siku 20 za kujuta, na zikipita akaunti hairudi.

Kwenye Microsoft 365

Admin.microsoft.com, "Users", "Active users", jina. Bonyeza "Block sign-in", lakini usiishie hapo, maana kizuizi hicho kinaweza kuchukua hadi saa 24 kushika. Weka paswadi mpya na ubonyeze pia "Sign out of all sessions" wakati huo huo.

Hapa kuna nafuu ambayo Google haina. Sanduku la mtu linaweza kugeuzwa kuwa sanduku la pamoja, na likiwa chini ya GB 50 halihitaji leseni. Kwenye kichupo cha "Mail" chagua "Convert to shared mailbox", mpe mrithi ruhusa ya kusoma na kusimamia, hakikisha sanduku limejitokeza kwenye Outlook yake, ndipo uondoe leseni. Usigeuze mpangilio huo. Ukiondoa leseni kabla ya kubadilisha, sanduku linaanza kuhesabiwa siku 30 za kufutwa. Na hata baada ya kubadilisha, usiifute akaunti ya mtumiaji, kwa sababu sanduku la pamoja limeshikiliwa na akaunti hiyo.

Kuficha jina ni kwenye kichupo kile kile cha "Mail", sehemu ya "Show in global address list". Kama una watu 15 wa kuficha mwishoni mwa msimu, PowerShell, dirisha la kuandikia amri, inakuokolea muda:

Set-Mailbox -Identity fmohamed -HiddenFromAddressListsEnabled $true

Ikiwa ofisi yako ina seva yake inayopeleka majina Microsoft, mfumo utakataa amri hiyo. Badiliko linafanyika kwenye seva ya ndani, kwenye sifa ya msExchHideFromAddressLists.

Jina halitatoweka hapo hapo. Outlook ya kwenye kompyuta hutumia nakala ya orodha iliyohifadhiwa ndani, na nakala hiyo husasishwa mara moja kwa siku. Ukiwa na haraka, fungua kichupo cha "Send/Receive" uamuru ipakue upya daftari la anwani.

Kwenye barua pepe ya bei nafuu iliyokuja na tovuti

Ofisi nyingi ndogo za Lamu zinatumia hii, inayosimamiwa kwa cPanel, ukurasa wa usimamizi unaotolewa na kampuni inayohifadhi tovuti. Fungua "Email Accounts", bonyeza "Manage" kando ya anwani. Utakuta vizuizi vitatu vinavyojitegemea: kupokea, kutuma na kuingia. Simamisha kuingia na kutuma, acha kupokea, kisha tengeneza uelekezaji kupitia "Forwarders" kwenda kwa mrithi.

Hapa kufuta hakuna siku za kujuta. Sanduku linakwenda na barua zote dakika hiyo hiyo. Pakua nakala kwanza. Na kama mtu huyo alikuwa anapakua barua kwa POP, njia inayoweza kuhamishia barua kwenye kompyuta na kuziondoa kwenye seva, jua kwamba barua zake za miaka huenda ziko kwenye laptopu yake peke yake na seva haina kitu. Nakili faili ya Outlook au Thunderbird kabla fundi hajaisafisha laptopu kwa ajili ya mtu mwingine.

Kagua pia "Default Address". Ikiwa imewekwa kupokea kila kitu kisicho na mwenyewe, barua za anwani uliyoifuta zitaendelea kumiminika kimya kwenye sanduku kuu la cPanel. Aliyetuma haoni kosa lolote, na ofisini hakuna anayezisoma. Iweke ikatae na kumjulisha aliyetuma.

Nakala ambazo msimamizi hazioni

Sehemu hii ndiyo inayofanya kazi yote ionekane haijafanyika. Orodha kuu ni safi, lakini mhasibu bado anaona jina. Sababu ni kwamba programu ya barua inakumbuka kila anwani uliyowahi kuiandikia, na kumbukumbu hiyo ni ya kila mtu kivyake.

Kwenye Outlook, anza kuandika jina, likijitokeza bonyeza alama ya X iliyo kando yake. Kwenye Gmail, kila mmoja aingie contacts.google.com, afungue "Other contacts", alitafute na kulifuta. Ndani ya mipangilio ya Gmail kuna chaguo la kuzuia anwani zisijihifadhi zenyewe. Kwa watu wa mishahara na wa malipo, liwashe. Usumbufu wa kuandika anwani nzima ni mdogo kuliko kutuma akaunti za benki za wafanyakazi mahali pasipo pake.

Kompyuta ya mapokezi itazame kwa jicho la pekee. Inatumiwa na zamu tatu, imehifadhi paswadi ndani ya kivinjari, na mara nyingi sanduku la aliyeondoka limebaki wazi kwenye kichupo kimoja tangu asubuhi. Futa paswadi zilizohifadhiwa kwa jina lake na uondoe akaunti yake kwenye kivinjari.

Mashine ya fotokopi ina daftari lake la anwani. Andika namba ya IP ya mashine kwenye kivinjari, ingia, tafuta daftari. Hapo utakuta majina ya watu walioondoka miaka mingi nyuma, na skani za pasipoti za wageni zinaweza kuwa zinawafuata hadi leo kama anwani zao bado zinaelekezwa nje.

Uelekezaji huo ukague sehemu mbili: ndani ya sanduku lenyewe na kwenye mipangilio ya msimamizi. Sheria ya kupeleka nakala ya kila barua kwenye anwani binafsi inaweza kuwa iliwekwa kwa nia njema, ili meneja asome barua akiwa kwenye boti kutoka Mokowe. Akiondoka, bomba linabaki wazi.

Makundi nayo yafunguliwe moja moja: wote@, jikoni@, malipo@. Akaunti iliyosimamishwa hubaki ndani ya makundi, na kila ujumbe kwa kundi unaweza kumrudishia aliyetuma taarifa ya kushindwa kufika. Watu wakizoea kuona taarifa hizo huacha kuzisoma, na siku kosa la kweli linapokuja wanalipita pia. Kumbuka na watu wa nje waliowekwa kwa anwani zao binafsi kwenye kundi. Hao hawaonekani kabisa kwenye orodha ya watumiaji.

Jibu la moja kwa moja

Weka maneno machache: "Anwani hii haitumiki tena. Kwa maombi ya vyumba tuandikie booking@. Kwa malipo, akaunti@. Asante." Kwa Malindi ongeza Kiingereza na Kiitaliano. Usiandike sababu ya kuondoka, usiweke namba yake binafsi, wala usitaje namba yoyote ya benki. Mtapeli anayeijua hoteli yako hungojea wakati kama huu, wateja wanapotarajia mabadiliko, ili atume "akaunti mpya ya kulipia". Mawakala wa safari waandikie barua ya pekee kutoka anwani ya kampuni, ukiwaambia wazi kwamba aliyebadilika ni mtu wa kuwasiliana naye na akaunti ya benki ni ile ile.

Kwa mfanyakazi wa ndani, siku 30 za jibu hilo zinatosha. Kwa aliyekuwa akishughulikia wageni, elekeza barua zake mwaka mzima, kwa maana mgeni wa Desemba huandika tena Desemba.

Wafanyakazi wa msimu

Anayetarajiwa kurudi Julai usimfute Aprili. Mfungie, mfiche, mtoe kwenye makundi, na uandike makundi aliyokuwemo ili kumrudisha iwe kazi ya dakika tano. Kumfuta na kumuunda upya kwa anwani ile ile kunazaa tatizo moja la ajabu kwenye mfumo wa Microsoft. Wageni wanampata, lakini wenzake wa ndani wanarudishiwa ujumbe ukiwa na anwani ndefu inayoanza na IMCEAEX. Outlook zao zinakumbuka utambulisho wa ndani wa akaunti ya zamani, ingawa jina kwenye skrini ni lile lile. Kila mmoja aondoe pendekezo hilo kwa X na amchague upya kutoka kwenye daftari kuu. Msimamizi anaweza pia kuongeza utambulisho wa zamani kwenye akaunti mpya kama anwani ya aina ya X500, na tatizo linaisha kwa wote.

Gharama ndiyo inayowasukuma wengi kufuta. Kabla ya hapo soma mkataba wako wa Google. Ukiwa kwenye mpango wa mwaka huwezi kupunguza leseni mpaka wakati wa kuuhuisha, hivyo kufuta watu Aprili hakukupunguzii hata shilingi. Mpango unaolipwa kwa mwezi kulingana na idadi ndio unaofaa hoteli inayofunga masika.

Kinachobaki kisheria

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka taarifa za mtu zisikae kuliko zinavyohitajika, na inampa mtu haki ya kudai zisahihishwe au zifutwe. Picha yake, namba ya simu na cheo kwenye orodha ya wafanyakazi na kwenye tovuti havina kazi tena, viondoe. Lakini Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri atunze maelezo ya ajira kwa miaka 5 baada ya mtu kuondoka, na kumbukumbu za kodi nazo ni miaka 5. Kwa hiyo hamisha ankara na stakabadhi zilizomo kwenye sanduku lake hadi kwenye hifadhi ya idara kabla ya kufuta. Anayerithi sanduku asome ya kazi. Barua zinazoonekana ni za siri yake binafsi aziache.

Anapoondoka msimamizi wa mfumo mwenyewe

Hapa hatua zinabadilika, kwa sababu anayefunga na anayefungiwa ni mtu mmoja. Kabla hajaondoka, mpe mtu wa pili mamlaka kamili: "Super Admin" kwa Google, "Global Administrator" kwa Microsoft. Huyo wa pili aingie kwa kompyuta yake, aweke uthibitisho wa hatua mbili kwenye simu yake, achapishe namba za akiba na kuzifungia kwenye sefu ya ofisi. Ajaribu kuunda mtumiaji na kumfuta. Akifaulu, ndipo mamlaka ya anayeondoka yavuliwe, kisha akaunti yake ipitie hatua zote za hapo juu.

Kama ameshaondoka na hakuna mwingine mwenye mamlaka, Google itakutaka uthibitishe kwamba domeni ni yako kwa kuongeza rekodi kwenye DNS, yaani mipangilio ya domeni, na rekodi hiyo huongezwa pale domeni inaposimamiwa. Kwa hiyo simu ya kwanza piga kwa msajili wa domeni, ukiwa na cheti cha usajili wa kampuni mkononi, uombe anwani ya mmiliki ibadilishwe. Ukishaweza kuingia kwa msajili, ndipo uombe paswadi ya Google.